Shajara ya mradi: paneli mpya ya mota za kinu, Kibaigwa

Aprili 4

Kazi nimekabidhiwa leo. Kinu kiko Kibaigwa, wilaya ya Kongwa, ng'ambo ya barabara kuu ya Morogoro–Dodoma ukitokea soko la mahindi. Mota ziko tatu: ya kusaga HP 30 (kilowati 22), ya kukoboa HP 20 (kilowati 15), na ndogo ya kilowati 2.2 inayozungusha skruu ya kulisha mahindi kwenye kinu. Ile ya kusaga iliungua, nikaambiwa sababu ni "umeme mdogo"; ikaenda kusukwa koili upya, sasa imerudi. Mama mwenye kinu anataka boksi jipya kabla mahindi mapya hayajaanza kushuka.

"Fundi, mimi sitaki maneno mengi. Nataka mota isiungue tena."

"Sawa mama. Lakini nikifunga, vijana watalazimika kubadili namna wanavyozima."

Hakulipenda hilo, nikaliacha kwa leo.

Ndani ya boksi la zamani kuna meini swichi ya mkono wa chuma yenye visu vitatu vya shaba, kimoja kimeliwa na moto. Vibebea fyuzi vimetiwa nyuzi za kebo badala ya waya wa fyuzi. Kuna kontakta tatu (swichi zinazovutwa na sumaku ya umeme) za sta-delta, yaani mota inaanza kwa muungano wa sta wenye mkondo mdogo kisha inahamia delta, ovalodi moja (kifaa cha kukata mkondo ukizidi), taima, na kwenye mlango swichi ya kuzungusha: kushoto zima, kulia washa. Kila kitu kimevaa unga.

Swichi ile ya mlangoni ndiyo iliyonitisha kuliko visu. Umeme ukikatika ikiwa imegeuziwa kulia, inabaki kulia. Umeme ukirudi, kinu kinawaka chenyewe. Kijana wa mashine alinisimulia bila wasiwasi wowote kwamba siku moja kilianza kuzunguka akiwa ametoka tu kuchomoa mkono kwenye chekeche. Anaiona kama bahati nzuri.

Aprili 5

Nimepita kwa aliyesuka mota. Alikuwa na busara ya kupiga picha koili kabla hajazitoa. Kundi moja la koili limekuwa jeusi ti, makundi mawili yana rangi yake ya kawaida. Picha hiyo ni ushahidi tosha. Mota iliyofungwa delta ikipoteza fezi moja ya njia (mmoja wa waya tatu za umeme unaoingia), koili moja inabaki imekaa peke yake kati ya fezi mbili zilizosalia, na nyingine mbili zinagawana volti kwa mfuatano. Ile moja ndiyo inayokaangwa. Ingekuwa imefungwa sta, tungeona mbili nyeusi na moja safi. Ingekuwa ni mzigo mkubwa tu, zote tatu zingeungua pamoja.

Kwa hiyo habari ya "umeme mdogo" niliyopewa mwanzoni haina mashiko. Fezi ilipotea, na kisu kilicholiwa kinaonyesha ilipotelea wapi.

Kilichobaki kujua ni kwa nini ovalodi haikukata. Bamba la mota linasema ampea 41 kwa volti 400 delta. Ovalodi imewekwa 41, na mtu anayesoma bamba tu ataona sawa. Lakini katika boksi hili ovalodi imefungwa baada ya kontakta kuu, kwenye nyaya zinazokwenda kwenye koili, na hapo mkondo ni wa njia uliogawanywa kwa 1.73. Mota ikibeba mzigo kamili, ovalodi inaona ampea 24 tu. Ilitakiwa iwekwe 24.

Nimepiga hesabu ya siku ya ajali. Fezi moja ikipotea mota ikiendelea kubeba mzigo uleule, koili iliyobanwa inapata karibu mara mbili ya mkondo wake wa kawaida, yaani kama ampea 48. Ovalodi imewekwa 41. Hiyo ni mara 1.17 ya kiwango chake. Kwa kanuni za IEC (shirika la kimataifa la viwango vya umeme), ovalodi inalazimika kukata ndani ya saa mbili ikifikia mara 1.2. Chini ya hapo ina haki ya kukaa kimya, na hii ya zamani haina hata kile kifaa cha kutambua kwamba fezi hazilingani. Ilikaa kimya kihalali kabisa.

Na kisu kililiwa vipi? Jioni vijana wakitaka kufunga kazi haraka walikuwa wanashusha mkono wa meini swichi kinu kikiwa bado kinazunguka na mahindi ndani. Kila ikishushwa namna hiyo, cheche inalamba shaba.

Aprili 8

Mchoro wa paneli. Nimeuanza kwa kukataa jambo moja: kifaa kimoja kisifanye kazi nne. Kontakta itawasha na kuzima. Ovalodi na fyuzi zitalinda. Kitufe chekundu cha uyoga kitasimamisha kwa dharura. Aisoleta yenye tundu la kufuli itatenganisha mota na umeme ili mtu aweze kuingiza mkono. Watu wa vinu wengi wana vitatu vya kwanza na wanadhani cha nne ni ubadhirifu.

Kontakta haitenganishi. Midomo yake inaweza kunata kwa joto, na pengo lake halikuthibitishwa kwa kazi hiyo. Kitufe cha dharura nacho kinakata umeme wa koili ya kontakta tu. Kontakta ikiwa imenata, unaweza kukipiga ngumi mpaka kesho.

Kwa upande mwingine, aisoleta ya kawaida haipendi kukata mzigo wa mota. Nachagua za daraja la AC-23, ambazo zinavumilia kukata mota inayozunguka siku mambo yakiharibika, lakini kazi ya kila siku itabaki kwa kontakta za AC-3, daraja la kuwasha na kuzima mota. Aisoleta itakuwa na mguso mdogo wa pembeni unaofunguka kabla ya midomo mikubwa. Kijana akiigeuza kinu kikiwa kinazunguka, mguso huo unaangusha kontakta kwanza, halafu aisoleta inafunguka ikiwa haina mkondo. Sitegemei adabu ya mtu mwenye haraka ya kwenda nyumbani.

Swichi ya kuzungusha inaondoka. Zinakuja vitufe viwili, kijani na chekundu, na kontakta inajishikilia kwa mguso wake yenyewe. Umeme ukikatika inadondoka, ukirudi inasubiri kubonyezwa.

Aprili 11

Leo yote imeliwa na swali moja: aisoleta ya kinu ikae wapi?

Paneli haiwezi kukaa chumba cha kinu. Vumbi la unga linaingia kila mahali, na likitanda hewani kwa wingi linaweza kushika moto kwa mlipuko. Paneli inakwenda stoo ya pembeni. Lakini basi anayebadilisha chekeche haioni. Mwenzake aliyeko stoo hamwoni yeye. Aisoleta lazima iwe pale kwenye kinu, ndani ya boksi lisilopitisha vumbi, mbele ya macho ya anayefanya kazi.

Hapa sta-delta ina mtego. Mota ya kuwasha moja kwa moja ina nyaya tatu, kwa hiyo aisoleta ya poli tatu inatosha. Ya sta-delta ina nyaya sita: tatu kwenda U1, V1, W1 (ncha za kwanza za koili) na tatu kwenda W2, U2, V2 (ncha za pili). Hizi za pili zinatoka kwenye kontakta ya delta, ambayo inachota umeme juu ya kontakta kuu. Ukikata tatu za kwanza kwa aisoleta ya poli tatu ukaziacha za pili, umeacha mlango wa nyuma wazi. Nimewahi kuona kinu kimefungwa hivyo, na kufuli zuri limening'inia juu yake.

Kuna njia mbili: aisoleta ya poli sita karibu na mota, au ya poli tatu kabla ya staata nzima (seti ya kontakta za kuwashia mota). Ya pili ni rahisi na nzuri kama staata iko chumba kimoja na mota. Kwetu haiko. Poli sita basi, kwa mota zote mbili kubwa. Dodoma mjini sikuzipata. Nimeagiza Kariakoo.

Mama aliuliza bei. Nikamtajia. Akanyamaza, kisha akauliza kusuka mota kulimgharimu kiasi gani, akajijibu mwenyewe.

Aprili 17

Mzigo umefika na aisoleta moja tu ya poli sita. Nyingine inasubiriwa. Hii inakwenda kwa kinu cha kusaga. Mota ya kukoboa itatumia kwa muda ile ya poli tatu ndani ya paneli, kabla ya staata yake, na ufunguo wa kufuli utakaa mfukoni mwa anayefanya kazi.

Vipimo vya kontakta za kilowati 22, kwa atakayefungua boksi hili baada yangu: kuu na delta zinabeba asilimia 58 ya ampea 41, yaani 24, nimeweka za 32. Ya sta inabeba theluthi, kama 14, nimeweka ya 18. Ovalodi 24, yenye kifaa cha kutambua fezi iliyopotea. Ndani ya mlango nimeandika kwa wino usiofutika: OVALODI IKO KWENYE KOILI, IWEKWE 24, USISOME BAMBA.

Bamba lenyewe nimelikagua mara mbili kabla ya kufunga: 400 delta, 690 sta. Hiyo inaruhusu sta-delta kwa umeme wetu wa volti 400. Mota ya skruu inasema 230 delta, 400 sta. Hiyo ukiifunga delta hapa utaikaanga, inabaki sta na inaendeshwa na inveta (kifaa cha elektroniki kinachodhibiti kasi ya mota).

Kapasita za kurekebisha pawa fakta (sehemu ya umeme unaovutwa inayofanya kazi kweli) zilikuwa zimefungwa moja kwa moja kwenye teminali za mota. Nimezitoa. Kapasita ikibaki na mota baada ya kontakta kufunguka, mota inayoendelea kuzunguka inaweza kujizalishia umeme yenyewe, na mtu atakuta volti mahali ambapo kila kitu kimezimwa. Zikihitajika zitarudi na kontakta yake na vipinga vya kutoa chaji.

Aprili 23

Mega (kipimo cha uimara wa kihami cha nyaya) kwa volti 500. Mota iliyosukwa: zaidi ya megaohmu 100, fundi alifanya kazi yake. Kebo ya mota ya kukoboa: 0.4, chini ya megaohmu moja inayotakiwa. Panya. Nimeivuta mpya ndani ya bomba la chuma. Kebo ya inveta nimeipima baada ya kuitoa kwenye inveta, maana volti 500 za mega zinaweza kuua vifaa vyake vya ndani.

Mwelekeo wa mizunguko umekaguliwa mikanda ikiwa imetolewa. Mota ya kukoboa ilikuwa inarudi nyuma. Nimebadilishana fezi mbili upande wa kuingilia staata yake. Ukibadilisha kiholela kwenye zile nyaya sita za mota unaweza kuvuruga mpangilio wa delta, kisha ukashangaa kwa nini inanguruma ikihama kutoka sta.

Aprili 25

Siku ya vijana wa mashine. Nilitaka waone kwa macho, maana maneno yangu juu ya kufuli yalikuwa yanapita sikio moja na kutokea jingine.

Mikanda imetolewa, wao wamesimama nyuma ya mstari wa chaki, mimi nina glavu za umeme na viatu vya mpira. Nimebonyeza chekundu. Mota kimya. Nikauliza: ni salama kufungua? Wote wakasema ni salama. Kisha, kwa kijiti cha plastiki, mwenzangu aliyeko stoo akasukuma kontakta kuu ikaingia, na kuishikilia pale, kama vile midomo imenata. Sta na delta zimebaki wazi.

Mota haikutikisika wala kutoa sauti. Ncha za pili za koili haziendi popote, mkondo hauna njia. Nikapima teminali moja baada ya nyingine dhidi ya ethi (waya wa ardhi): 230, 230, 230, kisha upande wa pili 230, 230, 230. Zote sita zina umeme, na mota imelala kimya kabisa.

Mmoja wao, mkubwa wao kwa umri, alisema polepole, "Kumbe ndiyo maana."

Sikumuuliza maana ya nini.

Halafu nikageuza aisoleta ya poli sita, mwenzangu bado ameshikilia kontakta. Sifuri kwenye zote sita. Kipimo nikakirudisha kwenye umeme unaojulikana, kikaonyesha 230, ili tujue hakijafa katikati ya kazi. Utaratibu wa kupima wamerudia kila mmoja kwa mdomo: pima kilicho hai, pima kilichokufa, pima kilicho hai tena. Kuishika pini ya kipimo ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA. Wao kazi yao ni kugeuza, kufunga kufuli na kuweka ufunguo mfukoni. Kila kijana ana kufuli lake, na kuna kishikio cha tundu nyingi. Wawili wakiwa ndani ya kinu, kufuli mbili zinaning'inia. Ufunguo wa akiba hautakaa ofisini kwa mama. Tumebishana hapo kidogo, akakubali.

Aprili 29

Inveta ya skruu. Kanuni tatu nimezibandika kwenye mlango wake.

Moja, skruu inawashwa na kuzimwa kwa waya wa amri, kontakta iliyo mbele ya inveta si ya kazi hiyo. Ukiiwasha na kuizima inveta kwa kontakta kila dakika, kapasita zake zinajazwa kwa kishindo kila mara na hazitadumu. Mbili, hakuna swichi ya kufungua kati ya inveta na mota wakati inaendesha. Tatu, baada ya kuzima aisoleta subiri dakika 5 zilizoandikwa kwenye kava, kisha pima kati ya teminali za plasi na mainasi. Ndani kuna volti za DC (mkondo mnyoofu) kama 565 zilizohifadhiwa kwenye kapasita, na taa ya mbele kuzimika hakuthibitishi kitu.

Inveta hii ina pia ile njia ya STO (Safe Torque Off). Nimeiunganisha na kitufe cha dharura. Inaondoa nguvu ya kuzungusha na hapo inaishia. Nyaya za mota bado zinaweza kuwa na volti.

Kilichonifurahisha zaidi ni mguso mmoja wa bei ya soda. Nimeupeleka mguso wa pembeni wa kontakta ya delta kwenye ruhusa ya inveta. Skruu haianzi kulisha mahindi mpaka kinu kihamie delta, na kinu kikisimama kwa sababu yoyote, skruu inasimama. Kwenye sta mota ina theluthi tu ya nguvu zake za kuanzia. Zamani kinu kikizimika kimejaa, kiliwashwa hivyohivyo kikiwa kimekabwa, kinaguna sta nzima, halafu delta inakipiga na mkondo wote.

Mei 3

Kuwasha kwa mara ya kwanza na mikanda. Taima ya zamani ilikuwa sekunde 2. Nimeifuata klampumita (kipimo cha mkondo kinachobana waya) badala ya kukisia: kwenye sta mkondo ulipanda ampea 80 hivi, ukakaa, kisha kwenye sekunde ya nane ukaanguka ghafla. Kuanguka huko ndiyo dalili kwamba mota imekaribia kasi yake. Nimeweka sekunde 9. Kwa sekunde 2 delta ilikuwa inaingia mota ikiwa bado inajikongoja, na mshituko wake ni karibu sawa na kuwasha moja kwa moja, ambapo ampea zinaweza kufika mara sita ya zile za bamba. Taa za duka la jirani zilikuwa zinafifia kila asubuhi. Leo mwenye duka alikuja kuuliza kama tumewasha.

Rilei ya kulinda fezi: fezi moja ikitolewa kwenye kipimo chake, haikubali kuwasha. Hilo linathibitisha nyaya tu. Mota ambayo tayari inazunguka ikipoteza fezi, yenyewe inazalisha volti kwenye fezi iliyopotea, na rilei rahisi inayosoma ukubwa wa volti pekee inaweza kudanganyika. Ndiyo maana nimechukua inayopima kutolingana, nikaiweka asilimia 10, na ovalodi ikiwa nyuma yake kama mlinzi wa pili.

Kusimama: baada ya kubonyeza chekundu, rota ya nyundo inaendelea kuzunguka dakika mbili na ushee. Aisoleta inaondoa umeme, mwendo unabaki. Niliwaza kuweka breki ya DC, nikaiacha. Joto lote la kusimamisha rota ile nzito linaishia ndani ya mota ambayo imetoka kusukwa, na mikanda ingelia kila jioni. Badala yake nimepaka mstari mweupe kwenye puli na kukata dirisha la wavu kwenye kava. Mstari ukionekana umetulia, fungua. Ukionekana kama ukungu, ngoja.

Mei 9

Magunia ya kwanza yameingia. Kinu kikibeba mzigo kamili kinavuta ampea 37 kwenye njia na 21 hivi kwenye ovalodi. Volti 396. Mota baada ya saa nzima ya kazi ina joto la kawaida.

Chekeche limebadilishwa mbele yangu bila mimi kusema kitu: chekundu, aisoleta, kufuli, jicho kwenye puli. Kijana alibonyeza pia kijani kuhakikisha hakiwaki, jambo ambalo sikuwa nimemfundisha.

Yaliyobaki: aisoleta ya pili ya poli sita ya mota ya kukoboa, iliyoahidiwa na lori la wiki ijayo, kava la mkanda upande wa ukuta, kukaza tena skruu zote za teminali baada ya mwezi, maana shaba mpya hulegea ikipata joto, na mchoro uliosahihishwa, nakala moja ndani ya mlango wa paneli, nyingine kwa mama.